Bundi wangu wa Mlango Mmoja

Mama hakutaka kabisa jezi ile ianikwe nje.

Niliinunua Mlango Mmoja, soko la mitumba la hapa Mwanza, mwaka 2016. Belo lilikuwa limefunguliwa asubuhi hiyo, watu wanagombania suruali, mimi nikaona milia ya bluu na nyeupe imejitokeza chini ya rundo. Muuzaji alianza na elfu saba, nikaondoka nayo kwa elfu nne. Sikujua ni ya timu gani. Niliipenda milia tu na uzito wa kitambaa. Nilipoifua nyumbani Mabatini na kuitafutia kamba ya kuianika, mama akasimama na ungo wake mkononi, akaitazama kifuani.

"Ng'wanawane, huyo si bundi huyo?"

Alikuwa bundi kweli, ameshonwa kwa uzi. Nanyi mnajua, bundi akitua juu ya bati usiku watu hawalali, wanasubiri simu ya msiba. Jezi ikakaukia chumbani, kwenye msumari wa nyuma ya mlango. Hata leo mama akija kunitembelea, inakaukia huko huko.

Aliyenitajia jina la timu ni mwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu, Liverpool wa kufa na kuzikana. Alinishika bega, akasoma nembo, akasema, "Hii Sheffield Wednesday. Hao ndio wenye Hillsborough." Kisha akanyamaza. Shabiki yeyote wa Liverpool akilitaja jina hilo lazima anyamaze. Tarehe 15 Aprili 1989, kwenye nusu fainali ya Kombe la FA kati ya Liverpool na Nottingham Forest, mashabiki wa Liverpool walibanana jukwaani hadi watu 97 wakapoteza maisha. Wednesday hawakuwa wanacheza siku ile, uwanja wao ndio uliotumika. Nilimwuliza kama nikivaa jezi hii kibandani kwake namkosea. Akasema hapana, vaa.

Basi nikaanza kuwafuatilia. Klabu ya mwaka 1867, imetokana na wacheza kriketi waliokuwa wakipata nafasi siku ya Jumatano, ndiyo maana ya jina. Ubingwa wa Uingereza mara nne, wa mwisho mwaka 1930. Ligi Kuu walishuka mwaka 2000 na hawajarudi tangu hapo. Kibanda hakionyeshi mechi za daraja lao, kwa hiyo timu yangu nimeijua kwa simu: matokeo, maandishi ya dakika kwa dakika, vipande vifupi vya video bando likiruhusu. Watu huniuliza unapendaje timu usiyoiona. Mimi huwajibu kwamba baba zetu waliipenda Pamba, timu ya Mwanza, kwa redio, na mwaka 1990 Pamba ilipochukua ubingwa wa Tanzania, ni wangapi kati ya walioshangilia huku visiwani Ukerewe waliokuwa wameona hata mechi moja?

Usiku nisiousahau ni wa Mei 2023. Mchujo wa kupanda kutoka daraja la tatu. Mechi ya kwanza walikuwa wamepigwa 4-0 na Peterborough, na hakuna timu iliyowahi kupindua deni la namna hiyo katika mechi za mchujo. Marudiano yalianza saa nne usiku kwa saa zetu. Nilikuwa kitandani, mwanga wa simu nimeufunika kwa shuka. Moja. Mbili. Tatu. Dakika ya nane ya nyongeza, beki Liam Palmer akafunga la nne. Wakaenda muda wa ziada, wakafungwa kwa kujifunga wenyewe, wakarudisha, wakashinda kwa penalti. Nilitoka nje nikakaa juu ya jiwe, jiji lote limelala chini yangu na taa za ziwani zinapepesa, na sikuwa na mtu wa kumwambia. Siku chache baadaye, Wembley, Josh Windass akaifunga Barnsley kwa kichwa dakika ya 123. Wakapanda.

Nasimulia haya ili mjue kitu gani kilikuwa kinaharibiwa.

Mmiliki wakati huo alikuwa Dejphon Chansiri, mfanyabiashara wa Thailand. Aliinunua klabu mwanzoni mwa 2015 kwa pauni milioni 37.5. Familia yake ndiyo yenye Thai Union, kampuni kubwa ya samaki wa makopo. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilicheka kwa furaha. Mtu wa samaki! Mimi ni wa Mwanza, ninaishi kwa samaki, nikaona ndugu. Na haki lazima isemwe, mwanzoni alitoa pesa nyingi. Mwaka 2016 walifika hadi Wembley kwenye fainali ya kupanda Ligi Kuu, wakafungwa na Hull bao moja. Mwaka uliofuata wakatolewa kwa penalti na Huddersfield. Alikuwa anaukaribia mlango.

Halafu pesa ikaanza kuuma. Sheria za ligi zinazuia klabu kupata hasara kupita kiwango fulani, kwa hiyo uwanja wa Hillsborough ukauzwa kwa karibu pauni milioni 60. Akauziwa nani? Kampuni yake yeye mwenyewe. Vitabu vikasomeka vizuri mwaka huo, lakini ligi ilikagua hesabu, ikakata pointi 12, rufaa ikazipunguza hadi 6. Msimu wa 2020/21 walimaliza wa mwisho na pointi 41, na Derby iliyonusurika ilikuwa na 44. Piga hesabu mwenyewe. Zile sita ndizo zilizowashusha.

Mwaka 2023, miezi michache tu baada ya Wembley, akawaambia mashabiki kwamba inahitajika pauni milioni mbili kulipa kodi na mishahara, na wao wakitoa watu elfu ishirini, kila mmoja pauni 100, zitatosha. Pauni mia ni karibu laki tatu za kwetu. Hao ni watu waliokwisha kulipa tiketi za msimu. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye daladala ya Igoma, nikairudia mara mbili nikidhani Kiingereza kimenichenga.

Hapa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa rohoni kuliko inavyompasa mtu aliyenunua jezi ya elfu nne.

Kabla ya kuja soko la samaki la Mwaloni kwenye dagaa, nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda kimoja cha minofu ya sangara. Sikitaji. Samaki wanaingia, napima, naandika, wanakwenda kwa akina mama wa kukata minofu, minofu inakwenda Ulaya, mabondo, vile vibofu vya tumboni, yanakwenda kwao yanakokwenda, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanatoka kwa mlango wa nyuma kuja kwetu sisi. Mshahara ulikuwa tarehe 28. Ukawa tarehe 5. Ukawa tarehe 15. Kisha mwezi ukaruka mzima. Mwenye mali akaja, akasema sangara wamepungua ziwani, tuvumiliane. Na kweli walikuwa wamepungua, mimi ndiye niliyekuwa nasoma mizani. Lakini gari alilokujia lilikuwa jipya, na akina mama walioloa hadi magotini walikuwa wanalitazama.

Kilichoniuma zaidi ni daftari la mama ntilie. Alikuwa nje ya geti, chini ya turubai, ugali na furu wa kukaanga. Sisi tusipolipwa, tulikula kwake tukiandikwa. Daftari la kwanza likajaa, akanunua la pili. Siku moja tukatoka tukakuta majivu yamepoa na turubai halipo. Yeye hakuwa na mkataba na kiwanda, hakuna aliyemwita kwenye kikao, na wala hakuna karatasi yoyote iliyoonyesha kwamba kiwanda kinamdai au kinadaiwa naye. Lakini ndiye aliyetulisha kwa mtaji wake hadi mtaji ukaisha. Mimi peke yangu nilikuwa na deni la elfu arobaini na mbili. Nilimlipa ishirini mwezi ule ule, na zilizobaki nilimpelekea mwaka 2015, nilipomkuta Igoma anauza mkaa. Alizipokea bila kuhesabu.

Kwa hiyo mwaka 2025 niliposoma kwamba mishahara ya Sheffield Wednesday imechelewa Machi, ikachelewa tena Mei, tena Juni, sikuwawazia wachezaji kwanza. Niliwawazia wa jikoni, wafagiaji, walinzi wa geti, na yule auzaye pai na chai nje ya uwanja. Mpira wa Uingereza una kanuni kwamba klabu ikifilisika, madeni ya wachezaji na ya klabu nyingine hulipwa yote kwanza. Fundi bomba na muuza nyama wanakaa nyuma ya foleni. Naielewa sababu yake, ligi isiporomoke kwa kuvutana. Siipendi.

Mambo yalikwenda haraka baada ya hapo. Windass, yule yule wa dakika ya 123, akavunja mkataba akaondoka. Kocha Danny Röhl akaondoka. Halmashauri ya jiji ikalifunga kwa muda jukwaa la kaskazini kwa ajili ya usalama. Wachezaji wakagoma kucheza mechi ya kirafiki na Burnley kwa sababu hawajalipwa. Henrik Pedersen akapewa timu yenye watu wachache mno na vijana wa akademi, na bado siku ya kwanza ya ligi kwa Leicester wao ndio waliotangulia kufunga. Siku hiyo mashabiki wa Wednesday waliosafiri walikaa korido dakika tano za mwanzo, jukwaa lao likabaki viti vitupu, ndipo wakaingia.

Niliipeleka habari hiyo kibandani. Mjadala ukawa mkali kuliko wa Simba na Yanga.

Jirani yangu, fundi wa injini za mitumbwi, Simba tangu tumboni, alisema, "Kaka, timu ni ya mwenye pesa. Anaposhinda mnamwita tajiri wetu. Anapoishiwa mnamwita mwizi." Sikuwa nimemwita mwizi. Lakini neno lake lilikuwa na uzito, na nililala nalo. Kwetu tumeweka sheria kwamba klabu ya wanachama mwekezaji haichukui zaidi ya asilimia 49. Ndiyo maana Mohammed Dewji na bilioni zake 20 kwa Simba aliishia kwenye 49, na wanachama wakabaki na 51. Kwa Sheffield hakuna asilimia ya wanachama. Mtu ana klabu kama mtu alivyo na mtumbwi. Anaweza kuutoboa.

Mwenye kibanda akaongeza, "Sasa mkisusa, mnamwumiza nani? Yeye yuko Thailand. Wanaoumia ni vijana wanaocheza." Hilo nilishindwa kulijibu hapo hapo.

Jibu lilikuja tarehe 22 Oktoba 2025. Siku ya Jumatano, timu ya Jumatano inacheza na Middlesbrough nyumbani. Mashabiki walikuwa wamekubaliana: hakuna kwenda. Lilikuwa giza la mwezi huku kwetu, dagaa wanaingia kwa wingi, nami nilikuwa Mwaloni usiku huo nikisubiri mitumbwi, karabai zimejaa ziwani kama mji mwingine. Nikafungua picha kwenye simu. Uwanja unaochukua zaidi ya watu elfu thelathini ulikuwa na takriban elfu saba. Viti vya bluu, safu baada ya safu, vimekaa vyenyewe. Walifungwa bao moja.

Niliitazama picha ile muda mrefu. Fikiria mtu ambaye babu yake alikaa kwenye kiti kile, baba yake akakaa, yeye kakaa tangu ana miaka sita, na usiku huo yuko nyumbani kwake maili mbili kutoka uwanjani, anasikia kimya. Ameamua kukaa na maumivu hayo. Mimi niliye mbali hivi nilitamani ningekuwa na kiti cha kukiacha.

Siku mbili baadaye, Ijumaa tarehe 24, klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Maana yake mwenye mali ananyang'anywa funguo, wataalamu wanaendesha, wanatafuta mnunuzi na kuwagawia wadai kinachopatikana. Adhabu yake pointi 12. Walikuwa na pointi 6 katika mechi 11, wakawa na hasi sita. Na watu wakashangilia! Walipanga foleni dukani, wakanunua jezi, skafu, tiketi, chochote chenye bundi, kwa sababu sasa pesa yao haiendi tena kwa yule. Kesho yake dhidi ya Oxford watu walirudi Hillsborough kwa maelfu, wakafungwa 2-1, wakaimba. Desemba ligi ikakata pointi sita nyingine kwa ajili ya mishahara iliyocheleweshwa, na Chansiri akapigwa marufuku ya miaka mitatu ya kumiliki klabu. Jumla pointi 18. Daraja limekwenda, kila mtu anajua. Sijasikia shabiki hata mmoja akisema heri tungenyamaza.

Nilimwonyesha fundi wa injini ile foleni ya dukani. Akaiangalia, akanirudishia simu, akasema, "Hawa wana timu." Hakusema zaidi, na mimi sikumwongezea.

Lakini viti vile vitupu vimeniletea kingine, na hiki ndicho kilichonikalisha kuandika.

Mimi nilikuwa shabiki wa Toto African, timu ya hapa Mwanza. Wana Kishamapanda. Nilikwenda uwanja wa Kirumba na kaka yangu mkubwa nikiwa bado navaa kaptula ya shule, tukikaa upande wa jua kwa sababu ndio wa bei nafuu. Yanga ikija, uwanja ulijaa hadi watu wanakaa kwenye mawe na miti ya nje. Simba ikija, vivyo hivyo. Ikija timu nyingine, unaweza kusikia kocha anavyomwita beki wake. Sisi wenyewe wa Mwanza tulikuwa tunakwenda kuwatazama wageni. Msimu wa 2016/17 Toto ikashuka. Mwaka ule ule Mbao, timu nyingine yetu, walikuwa wameitoa Yanga hapo hapo Kirumba kwenye nusu fainali ya Kombe la FA, wakaenda Dodoma wakafungwa na Simba 2-1 katika muda wa ziada, mji ukafurahi wiki mbili. Mwaka 2020 Mbao nao wakashuka, na Alliance wakashuka nao. Timu mbili za jiji moja ndani ya msimu mmoja.

Kirumba ilikuwa tupu kama Hillsborough ya tarehe 22 Oktoba. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa amepatana na mwenzake. Hakukuwa na bango. Hakukuwa na dai. Mimi msimu ule wa mwisho wa Toto nilikwenda mara moja, siku ya Yanga. Mechi nyingine nilikuwa kibandani naangalia Arsenal, nimelipa mia tano, na kutoka kibandani hadi getini Kirumba ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Toto ilihitaji viingilio vyetu ili ipate nauli ya kwenda Mbeya, na mimi nilikuwa najua, mji mzima ulikuwa unajua. Sikumsusia mtu yeyote. Nilikaa tu.

Pamba imerudi Ligi Kuu tangu msimu wa 2024/25, sasa ikiitwa Pamba Jiji, chini ya Halmashauri ya Jiji. Ilikaa nje zaidi ya miaka ishirini. Nasikia watu wanauliza kama ni sawa jiji kuwa na timu, wengine wanasema atafutwe tajiri. Atafutwe, sikatai. Ila akija, tumwulize mambo mapema, wakati bado anatabasamu: uwanja ni wa nani, akichoka anamkabidhi nani, mshahara wa mfua jezi unalipwa tarehe ngapi. Na tumwulize tukiwa tumekaa uwanjani, kwa maana mtu asiyekata tiketi hana kiti cha kukiacha wazi siku atakapohitaji kukiacha.

Jumapili iliyopita nilivaa jezi ya bundi nikaenda uwanja wa Nyamagana. Zilikuwa timu za vijana tu, za mitaa. Nilimchukua mtoto wa kaka yangu, nikalipa viingilio viwili, nikamnunulia karanga. Akaniuliza tunamshangilia nani. Nikamwambia wenye bluu. Nikaanza kuhesabu watu jukwaani, kama ninavyohesabu magunia Mwaloni, safu kwa safu, filimbi ikapigwa nikaacha kuhesabu.